SOMO LA WIKI: Gari la kasi kuukuu, mtaji mdogo na barabara za Kilombero

IFAKARA

KUWEKWA lami kwa barabara ya Kidatu hadi Ifakara, yenye urefu wa kilomita zipatazo 67, pamoja na kufunguliwa kwa daraja la Magufuli la mita 384 juu ya mto Kilombero mwaka 2018, kumebadilisha hesabu za wafanyabiashara wa bonde hili. Mtu aliyezoea kusubiri kivuko kwa saa nyingi sasa anavuka mto kwa dakika chache. Safari ya Mikumi iliyokuwa ya vumbi na makorongo imekuwa nyepesi.

Badiliko hilo limeleta pia kishawishi. Gari dogo la kasi lililotumika Japani, ambalo zamani lilionekana ni la watu wa Dar es Salaam, sasa linaweza kufika Ifakara bila kuacha injini njiani. Toyota Altezza iliyouzwa Japani kati ya mwaka 1998 na 2005, Mark II za miaka hiyohiyo na Subaru Impreza za kwanza ni magari ambayo kijana mwenye duka la pembejeo au wakala wa mpunga anaweza kuyamudu akiyanunua mkononi mwa mtu. Bei yake imeshuka kwa sababu ya umri. Injini mara nyingi bado nzima. Kilichochoka ni miguu.

Kwa lugha ya gereji, miguu ya gari ni springi, shokapu, bushi za mpira, bolijointi na vyuma vinavyoshika magurudumu. Mwenye gari akitaka kuiboresha kwa fedha kidogo hukutana na washauri wengi, na karibu wote wana kitu cha kumuuzia. Somo la wiki hii linapanga mambo hayo kwa utaratibu wa kibiashara: kipi kinunuliwe kwanza, kipi kisubiri, na fedha hiyo itoke mfuko gani.

KILA KIFAA NA KAZI YAKE

Springi hubeba uzito. Gurudumu likiingia shimoni au likipanda tuta, springi hujikunja na kujinyoosha ili bodi lisirushwe. Springi peke yake ingeendelea kuchezacheza kama kitanda cha chuma. Anayeituliza ni shokapu. Ndani yake mna mafuta yanayolazimishwa kupita kwenye matundu madogo. Nguvu ya mtikisiko hugeuka joto na kupotea. Ndiyo maana shokapu iliyovuja mafuta haina thamani hata kama kwa nje inang'aa.

Bushi ni mipira inayokaa kwenye maungio ya vyuma. Kazi yake ni kuruhusu chuma kucheza kidogo bila kugongana na kingine, na wakati huohuo kulishika gurudumu lielekee panapotakiwa. Bolijointi ni kiungo cha duara kinacholiwezesha gurudumu kupanda, kushuka na kukata kona kwa pamoja.

Magari haya hayafanani. Impreza za kwanza zina shokapu na springi zilizounganishwa katika mhimili mmoja mbele na nyuma. Muundo huo una vipande vichache, na gharama zake ni rahisi kukisia. Altezza ina mikono miwili, wa juu na wa chini, kwa kila gurudumu. Muundo huu hulishika gari vizuri kwenye kona, lakini una bushi na bolijointi nyingi zaidi. Mnunuzi anayelinganisha bei za magari mawili bila kuhesabu idadi ya maungio yaliyo chini yake atakuwa amelinganisha nusu ya gharama tu.

FUNZO KUTOKA MASHINDANO YA SAFARI

Afrika Mashariki ina historia ndefu ya magari ya kasi kwenye barabara mbovu. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1965 yalishindwa na Joginder Singh wa Kenya, akiwa na ndugu yake Jaswant, kwa gari aina ya Volvo PV544. Gari hilo halikuwa jipya. Lilikuwa limetumika, na muundo wake ulikuwa tayari wa kizamani kuliko wa wapinzani wake wengi. Miaka miwili iliyofuata, 1966 na 1967, mshindi alikuwa Bert Shankland, dereva aliyeishi Tanzania, akiendesha Peugeot 404. Datsun 240Z, gari la kasi halisi la milango miwili, lilishinda mwaka 1971 kwa mkono wa Edgar Herrmann na mwaka 1973 kwa mkono wa Shekhar Mehta.

Funzo la kibiashara liko wazi. Magari hayo hayakushinda kwa kulala chini kama yanavyopambwa magari ya mjini. Yaliandaliwa kwa barabara yenyewe: yakanyanyuliwa kutoka ardhini, yakaimarishwa miguu na kulindwa tumbo. Katika Safari, gari lililomaliza njia lilikuwa na thamani kuliko gari lililokuwa na kasi zaidi asubuhi ya kwanza. Mfanyabiashara anayetoka Ifakara kwenda Mang'ula kwa lami, kisha akakata kuingia shambani kwa njia ya udongo, yumo katika mashindano ya aina hiyo kila wiki.

Udongo wenyewe una tabia yake. Bonde la Kilombero ni tambarare ya mafuriko. Udongo mweusi wa mfinyanzi ukilowa hunata na kujaa ndani ya magurudumu. Ukikauka hupasuka na kuacha kingo ngumu kama matofali. Gari lililoshushwa chini kwa ajili ya lami litakwaruza tumbo lake siku ya kwanza litakapotoka kwenye barabara kuu.

UCHUNGUZI USIO NA GHARAMA

Kabla ya kutoa shilingi moja, mwenye gari afanye vipimo vitano.

Kwanza, alikandamize gari kwa nguvu kwenye kila kona kisha aliachie. Likipanda na kutulia, shokapu ina uhai. Likiendelea kucheza mara mbili au tatu, imekwisha. Kipimo hiki ni cha awali tu, kwani shokapu iliyochoka nusu inaweza kukipita.

Pili, aangalie mwili wa shokapu. Vumbi kavu si tatizo. Vumbi lililolowa mafuta ni uvujaji.

Tatu, apitishe kiganja juu ya matairi. Tairi lililolika upande mmoja huashiria kuwa gurudumu limekaa mshazari, ama kwa bushi kuisha ama kwa alaimenti kupotea. Tairi lenye mabonde na vilima mara nyingi huashiria shokapu mbovu au balansi.

Nne, gari liinuliwe kwa jeki na kuwekewa vigingi imara, kisha gurudumu litikiswe juu na chini, halafu kushoto na kulia. Mchezo wowote unaosikika ufuatiliwe hadi kwenye kiungo chake.

Tano, fundi apenyeze nondo kwenye maungio na kuangalia bushi kwa tochi. Mpira uliopasuka au uliobanduka kwenye chuma hauna matengenezo, hubadilishwa.

Matokeo yaandikwe kwenye karatasi, gurudumu kwa gurudumu. Karatasi hiyo ndiyo itakayomlinda mnunuzi atakapofika Kariakoo na kuambiwa kwamba anahitaji kila kitu.

UTARATIBU WA MANUNUZI

Baada ya uchunguzi, fedha kidogo ielekezwe kwa mpangilio ufuatao.

1. Bolijointi na viungo vya usukani. Hivi havina mjadala wala hesabu ya faida. Bolijointi ikichomoka gari likiwa mwendoni, gurudumu hulala na dereva hupoteza usukani.

2. Bushi. Hapa ndipo gari kuukuu linaporudishiwa ujana wake kwa gharama ndogo kuliko mahali pengine popote. Wengi hununua shokapu ghali na kuzifunga juu ya bushi zilizokufa, kisha hulalamika kwamba gari bado linayumba. Jambo moja ambalo mafundi wengi hulisahau: boliti za bushi zikazwe mwisho kabisa gari likiwa limesimama kwa uzito wake chini, si likiwa limening'inia kwenye jeki. Zikikazwa hewani, mpira hubaki umejisokota muda wote na hupasuka mapema.

3. Shokapu. Zinunuliwe kwa jozi, mbele mbili au nyuma mbili. Shokapu mpya upande mmoja na kuukuu upande mwingine hulifanya gari livute pindi breki zinaposhikwa. Kwa barabara zenye mchanganyiko wa lami na udongo, shokapu zenye ugumu wa kiwandani au zaidi yake kidogo zinatosha.

4. Alaimenti na balansi. Kazi hii ifanywe baada ya hizo zote, kamwe isifanywe kabla. Kupima magurudumu ya gari lenye bushi mbovu ni kutupa fedha, maana vipimo vitapotea kabla gari halijafika Kidatu.

5. Springi. Zibadilishwe tu ikiwa zimevunjika au zimelala. Kukata springi ili gari lishuke ni kosa la kihesabu pia: springi ikipunguzwa mizunguko huwa fupi na ngumu zaidi kwa wakati mmoja, hivyo safari ya gurudumu inapungua na kishindo kinahamia kwenye bodi na bushi. Kwa upande mwingine, vipande vya kunyanyulia gari vinavyowekwa juu ya springi vina kikomo. Vikizidi, shokapu hufika mwisho wa urefu wake na viungo vya ekseli hufanya kazi kwa pembe kali. Nyongeza ndogo pekee ndiyo yenye busara, nayo lazima ifuatwe na alaimenti.

6. Rimu na matairi. Hapa mapambo huwapotosha wengi. Tairi la 215/45R17 lina ukuta wa milimita 97 hivi kati ya rimu na ardhi. Tairi la 195/65R15 lina ukuta wa milimita 127 hivi, huku kipenyo cha jumla cha matairi yote mawili kikikaribiana sana: milimita 625 kwa la kwanza na 634 kwa la pili. Kwa maneno mengine, mwenye gari anaweza kupata milimita 30 zaidi za mpira na hewa kati ya rimu yake na shimo, pasipo kubadili urefu wa gari kwa kiasi kikubwa. Ahakikishe tu kwamba rimu ndogo inapita juu ya breki za gari lake na kwamba tairi hilo linabeba uzito unaotakiwa. Rimu ndogo zilizotumika mara nyingi huuzwa nafuu, kwa sababu wapenda mapambo hawazitaki.

HESABU YA MFANO

Tarakimu zifuatazo ni za kufundishia tu. Si bei za soko la wiki hii. Kila msomaji aweke bei alizopewa na muuzaji wake.

Wafanyabiashara wawili, A na B, wana magari yanayofanana yenye miguu iliyochoka, na kila mmoja ana Sh. 1,200,000. Kila gari hutembea kilomita 20,000 kwa mwaka. Seti ya matairi ni Sh. 600,000.

Mfanyabiashara A ananunua springi za kushusha gari kwa Sh. 500,000 na rimu kubwa kwa Sh. 700,000. Bushi zinabaki zilezile. Magurudumu yanakaa mshazari na matairi yanakwisha baada ya kilomita 15,000. Gharama yake ya matairi ni Sh. 40 kwa kilomita.

Mfanyabiashara B ananunua bushi na bolijointi kwa Sh. 350,000, shokapu nne kwa Sh. 560,000, analipa ufundi Sh. 120,000 na alaimenti Sh. 40,000. Jumla ni Sh. 1,070,000, na Sh. 130,000 zinabaki kama akiba. Matairi yake yanafika kilomita 40,000. Gharama yake ya matairi ni Sh. 15 kwa kilomita.

Tofauti ni Sh. 25 kwa kilomita, yaani Sh. 500,000 kwa mwaka. B anarudisha fedha yake kwa miaka miwili na miezi michache. Ikiwa vipuri vyake vitadumu kilomita 60,000, atakuwa ameokoa Sh. 1,500,000 kwa matumizi ya Sh. 1,070,000. Ziada ni Sh. 430,000, bila kuhesabu safari zilizookolewa na mizigo iliyofika kwa wakati.

Hata hivyo, hesabu hiyo inategemea kilomita. Mwenye duka ambaye gari lake hutembea kilomita 6,000 tu kwa mwaka ataokoa Sh. 150,000, na itamchukua zaidi ya miaka saba kurudisha Sh. 1,070,000. Kwake yeye, busara ni kufanya hatua ya kwanza, ya pili na ya nne, na kuacha shokapu zisizovuja ziendelee. Shokapu inayovuja ni jambo jingine, kwa kuwa tairi linalorukaruka haliwezi kushika breki. Hiyo ni gharama ya usalama wa watu na haisubiri faida.

FEDHA ITOKE WAPI?

Hili ndilo swali linalowaumiza wengi Ifakara. Mvua kubwa huisha karibu na mwezi Mei, na mavuno ya mpunga hufuata. Wakati huohuo ndipo njia zinapokauka na magari kuonyesha majeraha ya masika. Fedha ya kununulia mpunga na fedha ya kutengenezea gari zinahitajika mwezi mmoja.

Chukua mfano kwamba mpunga unampa mfanyabiashara faida ya asilimia 20 kwa kila mzunguko, na mtaji unazunguka mara mbili kwa mwaka bila faida kuongezwa kwenye mtaji. Sh. 1,070,000 zitazaa Sh. 428,000 kwa mwaka, na kwa miaka mitatu Sh. 1,284,000. Zaidi ya hapo, mtaji wenyewe bado upo. Fedha iliyowekwa kwenye bushi haibaki. Inaliwa kidogo kidogo na barabara. Ziada ya B kwa miaka mitatu ni Sh. 430,000 tu. Kwa hiyo anayechomoa mtaji wa mpunga kulipia miguu ya gari anaua ng'ombe wa maziwa ili apate kitoweo.

Vilevile, anayeacha gari life kwa sababu fedha yote iko ghalani atakodi gari la mwenzake msimu ukiwa umepamba moto, tena kwa bei ya mwenzake.

Njia ya katikati ni mfuko wa uchakavu. Sh. 1,070,000 zikigawanywa kwa kilomita 60,000 ni karibu Sh. 18 kwa kilomita. Mwenye gari asome mita kila Jumamosi, azidishe kilomita za wiki hiyo kwa 18, na kiasi hicho akitenge mbali na fedha ya biashara. Kwa kilomita 20,000 kwa mwaka atatenga takriban Sh. 360,000. Kwa kuwa matairi yanayokaa sawa humwokolea Sh. 25 kwa kilomita, mfuko huo unajilipia wenyewe. Atakayeanza leo hana haja ya kufanya yote kwa mkupuo: bolijointi na bushi mwaka huu, jozi ya shokapu za mbele baadaye, za nyuma zikifuata.

TAHADHARI ZA SOKO

Shokapu za bei ya chini zinavutia. Seti ya Sh. 200,000 inayodumu kilomita 10,000 inagharimu Sh. 20 kwa kilomita. Seti ya Sh. 560,000 inayodumu kilomita 60,000 inagharimu kidogo zaidi ya Sh. 9. Ya kwanza pia hulipiwa ufundi mara sita. Rahisi ni ghali.

Chapa zenye jina huigwa. Mnunuzi alinganishe namba ya kipuri kwenye boksi na ile iliyopigwa kwenye chuma, aangalie ubora wa maandishi na uchomeleaji, na adai risiti yenye jina la duka na namba ya kipuri. Duka linalokataa kuandika risiti limekwisha kujibu swali la dhamana.

Kuhusu vipuri vilivyotumika kutoka Japani: mkono mzima wa chuma wenye bushi na bolijointi nzuri unaweza kuwa nafuu kuliko kununua kimoja kimoja, lakini mpira huzeeka hata ukiwa stoo. Shokapu zilizotumika hazifai kununuliwa pasipo kupimwa kwa kukandamizwa na kuachiwa mbele ya mnunuzi. Inayoingia na kutoka bila ukinzani ni chuma chakavu.

Mwisho, gari lenye bima kubwa likibadilishwa kimo au rimu, kampuni ya bima iarifiwe kwa maandishi. Mabadiliko yaliyofichwa yanaweza kuleta mgogoro siku ya kudai fidia, na mgogoro wa aina hiyo haupo katika hesabu ya Sh. 18 kwa kilomita.

Asitegemee pia kwamba atakayelinunua gari atarudisha gharama hizi zote. Mnunuzi wa gari kuukuu hulipia gari. Bushi mpya humsaidia kuamua haraka, mara chache humfanya aongeze bei. Faida ya kazi hii hupatikana barabarani wakati gari bado ni la mwenyewe: kwenye tairi lililodumu, mzigo uliofika, na breki iliyoshika mbele ya mtoto aliyekatiza barabara pale Mang'ula.